Utafiti wodini hatua kwa hatua: kuboresha matokeo ya wagonjwa waliolazwa na kujua kama kweli yameboreka

Fungua mafaili 20 ya wodi ya watu wazima, utazame safu moja tu: kasi ya kupumua. Mara nyingi utakuta 20, 18, 20, 20, 18, 20. Mgonjwa wa nimonia ana 20, aliyevunjika mguu ana 20, na yule aliyefariki saa nane usiku naye saa sita aliandikiwa 20. Namba hizi hazikutokana na kuhesabu pumzi. Zimekisiwa ili safu isibaki tupu.

Tunaanza na safu hiyo kwa sababu kupumua haraka ni moja ya dalili za mwanzo kabisa kwamba mgonjwa anazidiwa, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka. Ukifanya utafiti juu ya takwimu za namna hiyo, jibu utakalopata litakuwa la kukisia kama takwimu zenyewe. Mwongozo huu unatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa. Hatua ni zilezile kwa anayetafiti vidonda vya kulalia, kuanguka, maambukizi ya mpira wa mkojo au kuchanganyikiwa kwa wazee waliolazwa.

Hatua ya 1: Swali moja, kitendo kimoja

"Kuboresha huduma wodini" si swali la utafiti. Swali hutaja wagonjwa gani, kitendo gani, kinalinganishwa na nini, na matokeo gani ndani ya muda gani. Kwa mfano wetu: kwa wagonjwa wa miaka 16 na zaidi waliolazwa wodi ya magonjwa ya ndani, je, kuhesabu pumzi kwa sekunde 60 kamili na kumwita daktari afike ndani ya dakika 30 alama za hatari (jumla ya alama anazopewa mgonjwa kwa vipimo kama kupumua, mapigo na presha) zinapofika 5 kunapunguza matukio ya moyo kusimama wodini, kuliko utaratibu wa sasa, katika miezi 6?

Kisha amua swali lako ni la aina gani kati ya mbili. Watafiti wengi wanaoanza huruka hapa, na kosa lake ni zito.

Aina ya kwanza ni pale kitendo kinapojulikana kwamba kinasaidia, ila hakifanyiki kwa kila mgonjwa. Mfano mzuri ni kazi iliyofanywa katika jimbo la Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006. Vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilishika vitendo vitano kila vinapoweka katheta (mpira mwembamba) kwenye mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kwa vitambaa safi kabisa, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kuepuka mshipa wa kinena, na kutoa katheta isiyohitajika tena. Wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za katheta, baada ya miezi 16 hadi 18. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa pale. Kazi yote ilikuwa kuhakikisha jambo linalojulikana linafanyika kwa mgonjwa wa saa tatu asubuhi na wa saa tisa usiku vilevile.

Aina ya pili ni pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika kama kitendo kinasaidia au kinadhuru. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengi waliamini kuwaongezea maji ya dripu kwa haraka kungewaokoa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji ya dripu yenye protini ya damu) kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa dripu hiyo ya haraka. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Kama wagonjwa wasingegawanywa kwa bahati nasibu, madhara hayo yangeendelea kuhesabiwa kuwa ni ukali wa ugonjwa tu.

Kwa hiyo, swali likiwa la aina ya pili, lazima pawe na kundi la kulinganisha lililogawanywa kwa bahati nasibu, ridhaa ya mgonjwa au mlezi, na kamati huru inayotazama usalama utafiti ukiendelea. Usiseme "tunajaribu tu kwenye wodi yetu". Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu aina ya kwanza.

Hatua ya 2: Fafanua vipimo kabla ya kugusa data

Unahitaji vipimo vya namna tatu. Kipimo cha matokeo hueleza kilichompata mgonjwa: amefariki, moyo umesimama, amepata kidonda. Kipimo cha utendaji hueleza kama kitendo kimefanyika: pumzi zimehesabiwa, daktari amefika ndani ya dakika 30. Kipimo cha madhara ya pembeni huangalia kama umeziba tundu moja na kufungua lingine, kwa mfano daktari wa zamu anaitwa mara nyingi hadi wagonjwa wapya wanasubiri, au wauguzi wanachelewesha dawa za saa mbili usiku kwa sababu ya vipimo.

Andika tafsiri ya kila kipimo kwa sentensi ambayo watu wawili wataisoma na kuhesabu sawa. "Kuanguka" ni nini? Je, mgonjwa aliyeteleza taratibu mikononi mwa muuguzi ameanguka? Aliyekutwa ameketi sakafuni bila shahidi? Amua leo, usisubiri siku linapotokea.

Vifo vina mtego wake. Ukihesabu waliofariki hospitalini peke yake, wodi inayowaruhusu wagonjwa mapema au kuwahamishia hospitali nyingine itaonekana bora kuliko ilivyo. Inapowezekana tumia vifo ndani ya siku 30 tangu kulazwa, popote mgonjwa alipo. Hilo linataka namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake, zichukuliwe siku ya kulazwa kwa ruhusa yao. Muda wa kulazwa nao unadanganya: mgonjwa aliyefariki siku ya pili amekaa siku chache kuliko aliyepona siku ya tisa. Usitoe wastani wa siku za kulazwa bila kutenganisha waliotoka hai na waliofariki.

Matukio yahesabiwe kwa siku za wagonjwa, siyo kwa mwezi. Kila siku, saa ileile, tuseme saa sita usiku, hesabu wagonjwa waliopo kitandani, kisha jumlisha za mwezi mzima. Wodi yenye wastani wa wagonjwa 27 kwa siku 30 ina siku za wagonjwa 810. Wakianguka 4, kiwango ni 4 ÷ 810 × 1,000, yaani 4.9 kwa siku 1,000. Mwezi unaofuata wodi ikifurika wagonjwa 40 na wakaanguka 5, idadi imepanda lakini kiwango kimeshuka hadi 4.2. Kwa maambukizi ya mpira wa mkojo, gawa kwa siku za mpira, yaani hesabu kila siku waliovaa mpira peke yao.

Hatua ya 3: Hesabu idadi ya wagonjwa utakaohitaji

Hapa ndipo mipango mingi ya wodi moja inapokwama, na ni afadhali ikwame kwenye karatasi. Kwa makundi mawili yanayolinganishwa, uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti kama kweli ipo) na kiwango cha kosa cha asilimia 5 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), hesabu ya kawaida inatoa hivi:

- kushusha tukio kutoka asilimia 15 hadi 10: takriban wagonjwa 690 kila kundi;
- kutoka asilimia 10 hadi 5: takriban 435 kila kundi;
- kutoka asilimia 4 hadi 3: takriban 5,300 kila kundi.

Mstari wa mwisho ndio unaohusu vifo katika wodi nyingi. Wodi inayolaza wagonjwa 150 kwa mwezi ingehitaji takriban miaka mitatu kwa kila kundi. Usikate tamaa, lakini usiahidi kuonyesha kupungua kwa vifo. Fanya kipimo cha utendaji kuwa kipimo kikuu, ambacho hutokea mara nyingi na hubadilika haraka, na vifo uvifuatilie kama ulinzi.

Kama unalinganisha wodi kwa wodi badala ya mgonjwa kwa mgonjwa, idadi inaongezeka, kwa sababu wagonjwa wa wodi moja wanafanana: daktari mmoja, muuguzi mmoja, hewa moja. Zidisha idadi kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni wagonjwa wa kila wodi na r ni kiasi cha kufanana kwao. Wodi zenye wagonjwa 50 na r ya 0.02 zinahitaji 1.98, karibu mara mbili. Kosa la kusahau zidisho hili hufanya tofauti ya bahati ionekane kuwa ugunduzi.

Hatua ya 4: Ruhusa na siri za wagonjwa

Peleka andiko kwenye kamati ya maadili ya utafiti kabla ya kukusanya namba ya kwanza, hata kama unaamini ni kuboresha huduma tu. Kamati ndiyo inayoamua kama ridhaa ya kila mgonjwa inahitajika. Kuomba kibali baada ya kazi kwisha hakurekebishi kitu, na majarida mengi hayatapokea makala. Karatasi ya kukusanyia data iwe na namba ya siri badala ya jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati jingine linalofungwa.

Hatua ya 5: Pima hali ya mwanzo bila kubadilisha lolote

Kusanya walau vipimo 10 hadi 12 vya wiki kabla ya kuanza badiliko. Wiki mbili hazitoshi, kwa sababu wodi ina wiki nzuri na wiki mbaya zisizo na sababu yoyote.

Usitegemee faili peke yake. Chagua wagonjwa 10 kwa wiki kwa bahati nasibu, wa mchana na wa usiku. Mtu asiye wa zamu ile ahesabu pumzi kwa sekunde 60, ndani ya dakika 15 tangu muuguzi aandike. Mgonjwa asijue kinachohesabiwa, maana akijua atapumua tofauti. Shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, huku macho yakifuata kifua au tumbo linavyopanda.

Pana njia nyepesi zaidi ya kujua kama pumzi zinahesabiwa. Anayehesabu kwa sekunde 60 hupata namba witiri karibu sawa na shufwa. Anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa 2 hapati witiri kamwe. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hupata namba zinazogawanyika kwa 4 tu, kama 16, 20, 24, na pumzi moja ikimpita, jibu linaruka kwa 4. Uzito wake unaonekana kwenye kipimo cha NEWS2, kinachojumlisha alama za hatari za mgonjwa, kilichotolewa na Royal College of Physicians (chama cha madaktari) ya Uingereza mwaka 2017: pumzi 12 hadi 20 ni alama 0, 21 hadi 24 ni alama 2, na 25 au zaidi ni alama 3. Pumzi moja iliyopotea ndani ya sekunde 15 inaweza kuondoa alama mbili, na mgonjwa aliyestahili kuonwa haraka akaachwa hadi asubuhi. Hesabu basi asilimia ya namba witiri katika mafaili ya mwezi uliopita. Ikiwa 3 au 4, umeshajua tatizo lako liko wapi.

Hatua ya 6: Tafuta kwa nini kitendo hakifanyiki

Kaa wodini zamu nzima ya usiku. Fuata njia ya taarifa moja: pumzi zinahesabiwa, zinaandikwa, alama zinajumlishwa, daktari anaitwa, anafika, anaagiza, agizo linatekelezwa. Andika saa ya kila hatua kwa wagonjwa 5. Mara nyingi utakuta mambo madogo ya kuumiza moyo: saa ya ukutani haina mshale wa sekunde, mashine ya presha ni moja kwa vitanda 30 na betri yake imechoka, chati iko mezani kwa muuguzi, siyo miguuni mwa kitanda, simu ya daktari wa zamu imebandikwa kwenye tangazo la zamani, muuguzi aliyewahi kukaripiwa kwa kuita "bila sababu" haiti tena.

Hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote. Utafiti wa MERIT, uliochapishwa mwaka 2005, ulianzisha timu za dharura, zinazoitwa kumwona mgonjwa anayezidiwa wodini, katika sehemu ya hospitali 23 za Australia na haukuonyesha tofauti ya maana ya vifo wala ya moyo kusimama. Sababu moja ilikuwa hii: wagonjwa wengi wenye dalili za kuitiwa timu hawakuitiwa. Timu ilikuwepo, wito haukuwepo.

Ndiyo maana semina na mabango visiwe jibu la kwanza. Semina hutibu kutojua, na wauguzi wengi wanajua kuhesabu pumzi. Kinachokosekana ni saa, mashine, na hakika kwamba atakayeitwa atakuja bila kukaripia.

Hatua ya 7: Jaribu kidogo, kisha ongeza

Anza na muuguzi mmoja, zamu moja, wagonjwa 5. Mpe saa yenye sekunde na chati mpya. Mwisho wa zamu muulize nini kimekwama, rekebisha, rudia kesho. Mzunguko ni kupanga, kufanya, kuchunguza, kuamua. Chati itabadilika mara tatu au nne kabla ya kufaa, na ni rahisi kubadili karatasi 5 kuliko 500 zilizokwisha chapwa. Kisha zamu nzima, kisha wodi nzima.

Kanuni ya kuita ibandikwe kwa maneno yasiyohitaji kufikiri. Kwa NEWS2: alama 0, pima walau kila baada ya saa 12; alama 1 hadi 4, kila baada ya saa 4 hadi 6; alama 5 au 6, daktari aje kwa haraka na vipimo viwe kila saa; alama 7 au zaidi, ni dharura na mgonjwa asiachwe peke yake. Kitu kimoja kikitoa alama 3 peke yake, mgonjwa aonwe haraka hata kama jumla iko chini. Kipimo hiki hakikutengenezwa kwa watoto walio chini ya miaka 16 wala kwa wajawazito, usikitumie kwao.

Usianzishe mabadiliko matatu siku moja. Chati mpya, daktari mpya na mashine mpya zikiingia wiki moja, hutajua kipi kilichofanya kazi.

Hatua ya 8: Soma matokeo kwa uangalifu

Chora grafu: wiki upande wa chini, kipimo upande wa wima. Weka mstari wa mediani, yaani thamani ya katikati ya vipimo vya mwanzo vikipangwa kutoka kidogo hadi kikubwa. Vipimo 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari ni dalili ya badiliko halisi. Vinavyoangukia juu ya mstari wenyewe havihesabiwi. Vipimo 5 au zaidi vinavyopanda au kushuka mfululizo navyo ni dalili. Kimoja kilichoshuka sana wiki moja si dalili.

Kisha jiulize kwa ukali mambo yafuatayo.

Je, ulianza mradi baada ya mwezi mbaya sana? Mwezi mbaya kwa kawaida hufuatwa na mwezi wa kawaida, hata usipofanya kitu. Ndiyo sababu wodi ya kulinganisha, isiyo na badiliko, ina thamani kubwa. Kama wodi zote zinataka badiliko, ziingie moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa kura, kila mwezi wodi moja, na zote zipimwe tangu mwanzo.

Je, matukio yameongezeka baada ya kuanza? Huenda sasa yanaripotiwa. Kuanguka na vidonda vya kulalia hupanda karibu kila mara watu wanapoanza kuvitafuta. Usiseme mradi umedhuru kabla ya kulinganisha na kipimo kisichotegemea kuripotiwa, kama kuvunjika nyonga kulikothibitishwa kwa eksirei.

Je, unalinganisha waliopata kitendo na wasiokipata ndani ya wodi moja? Chukua mazoezi ya kutembea yaliyoanza "kufikia siku ya 5". Mgonjwa aliyeanza siku ya 5 lazima awe aliishi hadi siku ya 5. Aliyefariki siku ya 2 anaingia kundi la wasiofanya. Mazoezi yataonekana kuokoa maisha hata kama hayasaidii chochote. Dawa ya kosa hili ni kuanza kuhesabu wote kutoka siku ya 5, kwa waliokuwa hai siku hiyo.

Je, unataka kutazama makundi madogo, wazee au wenye oksijeni? Yaandike kabla ya kuona data. Makundi yana maana yakipangwa: katika utafiti wa RECOVERY wa mwaka 2020, deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, lakini haikuwafaidi wasiohitaji oksijeni. Ukiyatafuta baada ya kuona namba, utapata kundi moja linalong'aa kwa bahati.

Na usidhani kilichofanya kazi kwingine kitafanya kwako kwa kuiga karatasi yake. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, katika hospitali 8 za miji 8, iliandamana na vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilipoitumia, vifo vilitoka 0.71 hadi 0.65, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, yaani inayoweza kuwa ya bahati tu. Karatasi iliyotiwa vema yote si lazima iwe imesomwa kwa sauti mbele ya mgonjwa. Pima kitendo chenyewe, kwa macho.

Hatua ya 9: Andika, kisha rudi kupima

Ripoti ifuate mwongozo wa SQUIRE 2.0 kwa miradi ya kuboresha huduma, au CONSORT kwa majaribio ya bahati nasibu. Eleza idadi ya vitanda, wauguzi kwa kila zamu, vifaa vilivyoongezwa na saa za kazi zilizotumika, ili wodi nyingine ijue kama inaweza. Yasiyofanikiwa yaandikwe kwa urefu uleule.

Miezi 6 baada ya watafiti kuondoka, wauguzi wengine wamehamishwa, madaktari wa zamu ni wapya, betri za saa zimekwisha. Nenda tena na mafaili 20, bila taarifa. Hesabu namba witiri kwenye safu ya kupumua. Zikiwa karibu nusu, pumzi bado zinahesabiwa. Zikiwa zimerudi 20, 18, 20, 20, anza upya na hatua ya 6, usiku uleule.